Ugali Chini ya Godoro

Walezi wengi wa hapa Buteba, wilayani Busia, wanaonitafuta huanza na neno moja: mwizi. Nyanya amempokea mjukuu wa miaka 8, amemlisha, amemshonea sare ya shule. Siku anatandika kitanda anakuta matonge ya ugali wa wimbi chini ya godoro, yameota kuvu. "Daktari, huyu namnyima nini mpaka aniibie?"

Mtoto huyu nimemuunda kutokana na visa vingi ili asitambulike yeyote, lakini ugali ule ni wa kweli. Huku Busia upande wa Uganda, mtoto hufika kwa mlezi kwa njia nyingi. Kuna aliyefiwa, kuna ambaye mama yake alivuka mpaka kutafuta kibarua akakawia, kuna aliyetolewa kwenye machimbo ya dhahabu. Wachache huja na karatasi za afisa wa probesheni, kama utaratibu wa malezi ya kambo unavyotaka chini ya Sheria ya Watoto. Wengi huletwa na mjomba, jioni, na mfuko mmoja wa nguo.

Kazi yangu ni kushughulikia tabia za watoto hawa, na swali langu la kwanza kwa mlezi huwa lile lile: tabia hii inamfanyia mtoto kazi gani? Aliyewahi kulala njaa siku tatu amejifunza kwamba chakula cha leo hakina uhusiano wowote na cha kesho. Kuficha tonge kulimwokoa. Mwili wake haujaambiwa kwamba mambo yamebadilika, na maneno matupu hayatauambia.

Basi tunaanza na daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Mlezi asiyeandika hutumia makopo mawili, moja la mchana na moja la usiku, na kila tukio ni punje moja ya mahindi. Baada ya wiki mbili tunakaa mkekani tuhesabu. Hapo ndipo nyanya wa mfano wetu anapogundua jambo ambalo mimi nisingeliona kamwe: chakula hupotea siku zile anazokwenda sokoni na kuchelewa kurudi. Njaa ni nusu tu ya habari. Mtoto anajiwekea akiba kwa ajili ya siku ambayo nyanya naye hatarudi.

Tiba yenyewe inaonekana ndogo mno. Kabla ya kutoka, nyanya anamwambia anakwenda wapi na atarudi lini, kisha anamwachia leso yake aishike. Kando ya kitanda anaweka bakuli la karanga au muhogo wa kuchemsha, mali ya mtoto, lisilopekuliwa na mtu. Akiomba chakula kwa mdomo badala ya kukichukua kwa siri, anapewa papo hapo na anaambiwa umefanya vizuri kuniambia.

Nawaonya walezi mapema: hali inaweza kuwa mbaya zaidi kabla ya kutulia. Wiki za kwanza mtoto mgeni mara nyingi huwa mpole ajabu, anafagia uwanja bila kutumwa. Kisha siku moja anavunja sahani, anatukana, anakojoa kitandani, na mlezi anadhani amedanganywa. Mimi nikisikia hivyo moyo wangu hupata matumaini. Mtoto asiyejua kama atafukuzwa hathubutu kukasirika, na huyu sasa amethubutu. Anataka kujua kama utabaki naye akiwa katika ubaya wake.

Kiboko ndicho kinachoharibu zaidi hapa. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku viboko shuleni Uganda, lakini nyumbani mazoea yana nguvu. Kumchapa mtoto aliyetoka kwenye kipigo ni kumhakikishia kwamba nyumba hii ni ile ile, imebadilishwa paa tu.

Watu huniuliza kama elimu hii ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake imeletwa kutoka Ulaya. Sehemu yake muhimu ilianzia Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akawatembelea majumbani kina mama 26 wa Kiganda na watoto wao 28 wachanga katika vijiji vya karibu na mji, miezi kadhaa mfululizo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona jambo ninaloliona kila wiki: mama aliyeweza kusimulia mambo madogo ya mwanawe kwa undani, ndiye ambaye mtoto wake alikuwa na utulivu kwake. Kwa hiyo daftari na makopo ya mahindi si kazi ya kunifurahisha mimi mtaalamu. Mlezi anapohesabu, anamjua mtoto, na mtoto anayejuliwa hupumua.

Yapo yasiyosubiri daftari. Mtoto anayejiumiza, anayesema anataka kufa, au mwenye dalili za kunajisiwa, apelekwe hospitali na polisi siku hiyo hiyo. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ni ya bure, na inafanya kazi Uganda na Kenya.

Mpaka wenyewe unaleta kazi yake. Mama anarudi kutoka upande wa pili, amepata chumba, anamtaka mwanawe, naye ana haki ya kufurahi. Ninachoomba ni wiki chache za kutembeleana kabla ya kuhama, na daftari lifuate mtoto. Nyanya amkabidhi mama mfuko wa nguo, leso, bakuli, na ampe maelezo kwa kinywa chake: hapendi mlango ufungwe usiku, ugali anakula baridi, na ukienda sokoni alfajiri usimwache amelala, mwamshe umwambie.