Usilipie Magoli ya Msimu Uliopita: Somo la Usajili kwa Sisi Wenye Meza na Vibanda

Leo naongea na wewe mwenye bidhaa iliyokuwa inauza sana ila sasa imekaa, au mwenye kijana wa kuuza anayeomba aongezewe hela na hujui umjibu nini. Mimi nauza nguo za mtumba hapa Kiwira, kando ya barabara ya kwenda Tukuyu. Mambo yote mawili yamenikuta ndani ya mwaka mmoja, na yote mawili nilikosea. Kilichonifungua macho ni usajili wa mpira.

Usicheke. Kibanda changu kimepakana na kijiwe cha bodaboda. Katikati ya mwaka dirisha kubwa la usajili likifunguliwa, pale hakuna habari nyingine. Nani kapewa Thank You, nani kasaini, nani kauzwa. Zamani nilikuwa naona ni kelele tu. Siku hizi nasikiliza, maana nimegundua wale viongozi wa timu wanahangaika na swali lilelile la kwangu: nafasi ni chache, hela ina mwisho, sasa nani abaki na nani aondoke?

Nafasi chache kweli. Katika misimu ya 2022/23 na 2023/24, timu ya Ligi Kuu ilikuwa inaruhusiwa wachezaji 12 tu wa kigeni. Ukimtaka wa 13, lazima umtoe mmoja. Ni sawa na meza yangu: nikitandaza suruali, sweta hazina pa kukaa. Na mtaji ni hivyohivyo, shilingi iliyolala kwenye mzigo huu haiwezi kununua mzigo ule.

Timu inayojua kazi yake huwa inajiuliza maswali matatu. Nakuletea moja moja, na kila moja nakuonyesha lilivyonigusa mimi mfukoni.

Swali la kwanza: msimu ujao atanipa nini?

Angalia neno "ujao". Tunamkumbuka wote Luis Miquissone, yule wa Msumbiji aliyeitwa Konde Boy. Februari 2021 alifunga bao pekee Simba ilipoifunga Al Ahly 1-0 pale kwa Mkapa. Mwaka huohuo Al Ahly wenyewe wakamnunua. Kule Misri mambo hayakumnyookea, akapelekwa kwa mkopo Saudi Arabia. Mwaka 2023 Simba ikamrudisha na watu wakashangilia kama vile wanamrudisha yule wa 2021. Hakuwa yule. Baada ya msimu mmoja, 2024, wakaachana naye.

Simlaumu mchezaji, na viongozi nao siwacheki. Nami nimefanya kosa hilo, langu lilikuwa la sweta.

Anayeijua Rungwe anajua Juni na Julai baridi yake ilivyo. Juni nilichukua belo la sweta Mbeya kwa 400,000, usafiri 15,000. Zilitoka 120. Mia moja niliziuza kwa wastani wa 5,500, ishirini mbovu nikazitoa kwa 1,500. Jumla 580,000. Toa gharama, faida 165,000 ndani ya wiki tatu! Julai nikarudia, ikaenda vizuri vilevile. Nikajiona nimeshaijua siri ya biashara.

Mwisho wa Agosti nikafuata belo la tatu, bei ileile. Baridi imeanza kukatika, jua linatoka, mimi bado kichwani ni Juni. Mpaka mwisho wa Septemba nilikuwa nimeuza sweta 40 tu kwa 5,000, yaani 200,000. Zile 80 nikazing'ang'ania, "hizi ni mali nzuri, zitatoka tu." Zilitoka Desemba kwa 1,500 moja, 120,000. Jumla 320,000 kwa mzigo ulionigharimu 415,000. Hasara 95,000.

Ila 95,000 siyo kidonda kikubwa. Kidonda ni kwamba kuanzia Septemba mpaka Desemba hela yangu ilikuwa imefungwa kwenye sweta, wakati wenzangu wanazungusha nguo za watoto za sikukuu. Sweta hazikuwa mbaya. Mimi nilizinunua kwa sababu ya Juni, na mteja wa Juni alishanunua.

Swali la pili: akiondoka, kazi yake ataifanya nani, na kwa bei gani?

Mwaka 2023 Yanga walikuwa na Fiston Mayele. Hata sisi tusioshabikia tulikuwa tunaijua ile staili yake ya kutetema. Msimu ule wa 2022/23 alimaliza kinara wa magoli ya ligi kwa mabao 17, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Aliipeleka Yanga mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na kule nako akawa kinara wa mabao. Sasa mtu kama huyo unamuuza?

Yanga ikamuuza Pyramids ya Misri. Pale kijiweni watu waliomboleza. Mwenye boda mmoja aliniambia, "Mama, safari hii tumekwisha."

Hawakuisha. Msimu uliofuata Yanga ilichukua tena ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mshambuliaji aliyeletwa kuziba pengo hakudumu hata msimu mzima, lakini magoli yalipatikana kwingine. Stephane Aziz Ki, ambaye siyo mshambuliaji wa kati, alimaliza kinara wa ligi kwa mabao 21. Maxi Nzengeli naye akafunga ya kwake. Yaani kazi ya mtu mmoja iligawanywa kwa watu kadhaa.

Na Mayele naye kule alikoenda hakuharibikiwa. Mwaka 2025 Pyramids walichukua Ligi ya Mabingwa Afrika naye akiwemo. Kwa hiyo Yanga hawakumuuza kwa sababu ameisha. Walimuuza akiwa bado wa moto, wakati mnunuzi yupo na bei ipo. Mimi sweta zangu nilizishikilia mpaka zikapoa, ndipo nikatafuta mnunuzi.

Nasi tunaokaa Rungwe tuna kumbukumbu yetu. Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1986. Timu ya milimani, ikawapita wakubwa wote wa Dar! Wazee mpaka leo wakiisimulia macho yanang'aa. Lakini taji lile halikurudi tena. Kupanda juu mara moja inawezekana kwa kikosi kimoja kizuri. Kubaki juu kunataka kila mwaka uwe umeshajua anayeondoka atazibwa na nani.

Swali la tatu: anafanya kazi akiwa amezungukwa na nani?

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, na mfano wake nitautoa mbali kidogo, Marekani.

Mpira wao siyo huu wetu. Wanaushika kwa mikono na kugongana kama magari. Kuna namba inaitwa raningibeki: anakabidhiwa mpira mkononi, anakimbia nao katikati ya majitu yanayotaka kumwangusha. Ndiye anayeonekana, ndiye anayeshangiliwa. Lakini anagongwa kila siku, kwa hiyo mwili wake unachoka mapema. Wengi wakikaribia miaka 30 mbio zinaanza kupungua. Halafu vijana wapya wa namba hiyo wanapatikana kila mwaka kwa mshahara mdogo. Na ligi yao, NFL, inaweka kikomo cha mishahara kwa kila timu. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4, na ndani yake utunze kikosi cha watu 53. Ukimpa mmoja nyingi, mwingine anakosa. Ndiyo maana timu nyingi zilifika mahali zikasema: raningibeki usimlipe sana, mtumie, akichoka lete mwingine.

Machi 2024 timu ya New York Giants ilimwacha raningibeki wake maarufu, Saquon Barkley, akaondoka baada ya miaka sita. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa sawa: umri miaka 27, ameshawahi kuumia goti, bei yake kubwa. Philadelphia Eagles wakamchukua kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75. Msimu uleule akakimbia yadi 2,005, jambo ambalo wachache sana wamewahi kulifanya katika ligi ile, na Februari 2025 akabeba ubingwa. Giants msimu huo walishinda mechi 3, wakapoteza 14.

Sasa usikimbilie kusema Giants walikuwa wajinga. Alipokuwa kwao, mbele yake hakukuwa na watu imara wa kumfungulia njia. Eagles walikuwa na ukuta wa wazuiaji kati ya walio bora kabisa kwenye ligi. Mtu ni yuleyule na miguu ni ileile, ila pa kupita alipata upande mmoja tu. Kwa hiyo kabla hujasema "huyu hana thamani ya hela hiyo", jiulize kwanza: hana thamani, au mimi sijampa mazingira ya kuitoa?

Nilikuwa na kijana wangu wa kuuza. Nilimlipa 5,000 kwa siku. Siku moja akaniambia, kwa adabu tu, "Mama, naomba uniongeze ifike 7,000." Nikapiga hesabu ya haraka: 2,000 mara siku 26 ni 52,000 kwa mwezi. Nikamwambia hela hiyo sina, vijana wanaotaka kazi wako wengi. Akaondoka. Nikapata mwingine kwa 5,000 ileile, nikajipongeza.

Daftari ndilo lililonisuta. Kabla hajaondoka tulikuwa tunauza wastani wa 60,000 kwa siku. Baada ya miezi miwili wastani ukawa 45,000. Faida yangu ni kama robo ya mauzo, kwa hiyo kwa siku nilikuwa napoteza faida ya 3,750 ili kuokoa 2,000. Kwa mwezi: nimepoteza 97,500, nimeokoa 52,000.

Na mzigo haukubadilika. Kilichobadilika ni yeye. Wale akina mama wanaoshusha ndizi aliwasalimia kwa Kinyakyusa kabla hajawaonyesha nguo. Alijua mtoto wa nani anavaa saizi gani. Mtu akipenda gauni na hela haitoshi, alimwekea pembeni alipie kidogo kidogo, na walimaliza. Hayo yote mimi sikuwa nayaona, nilikuwa naona 7,000 tu.

Nilimfuata. Nikamkuta upande wa pili wa barabara, ameshatandika turubai lake mwenyewe. Nikamwambia nilikosea, rudi, nitakupa uliyoomba. Akatabasamu, akasema, "Ndaga fijo, mama. Ila nimeshazoea huku." Sikuwa na la kumjibu. Siku hizi tunasalimiana, na mteja akikosa kwangu namwelekeza kwake.

Sasa wewe ufanyeje?

Jiwekee madirisha yako mawili ya usajili kwa mwaka. Mimi ninayo Mei, kabla ya baridi, na Oktoba, kabla ya sikukuu. Siku hiyo nakaa na daftari, siyo na kumbukumbu. Kila bidhaa na kila msaidizi anapita hapa:

1. Miezi mitatu ijayo, siyo iliyopita, itanipa nini? Msimu wake unaanza au unaisha?

2. Nikiitoa, hela yake nitaiweka wapi, na hiyo mpya itazunguka haraka kiasi gani? Kama huna jibu, usitoe kwanza.

3. Kama haifanyi vizuri, shida ni yenyewe au mahali nilipoiweka? Suruali iliyofichwa chini ya meza haijakataliwa na mteja, haijaonwa.

4. Kama inauza vizuri ila msimu wake umebaki wiki mbili, nianze kuiuza sasa kwa bei iliyopungua kidogo. Sweta ya 4,000 mwezi Agosti ina faida kuliko ya 1,500 mwezi Desemba.

5. Msaidizi akiomba nyongeza, usimjibu siku hiyo. Linganisha mauzo ya siku alizokuwepo na siku alizokosekana. Ukikuta anakuletea faida kuliko anachoomba, mpe. Ukiwa huna cha kumpa taslimu, mpe sehemu ya mauzo. Binti niliyenaye sasa namlipa 5,000 kwa siku, na kila siku tukivuka mauzo ya 50,000 anaongezewa 1,500. Siku nyingi tunavuka.

Wiki hii kuna baridi kali hapa na sweta zinatoka vizuri. Juzi aliyeniuzia belo alinipigia simu, ana mzigo mwingine, bei nzuri. Nikafungua daftari, nikaangalia tarehe, nikamwambia asante, hili nililonalo linanitosha.