FLAMMABLE NA INFLAMMABLE: MANENO MAWILI, MOTO MMOJA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo tuzungumze juu ya maneno mawili ya Kiingereza. Usiseme hayakuhusu kwa sababu hapa Ubundu tunasema Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Mizigo mingi inayotoka Mombasa hupita Uganda, hufika Kisangani kwa malori, ndipo huja kwetu, nayo imeandikwa Kiingereza. Mingine hutoka Ulaya na Kifaransa chake.

Neno la kwanza ni flammable: kitu kinachoshika moto upesi. La pili ni inflammable. Je, hilo maana yake nini?

Aliyekaa shuleni atajibu haraka: visible ni kinachoonekana, invisible ni kisichoonekana, basi inflammable ni kisichoshika moto. Hapana! Akijibu hivyo kwenye depo akiwa na sigara mdomoni, hatapata nafasi ya kujibu tena. Maneno hayo mawili yana maana moja. Ile "in" haikani kitu. Neno limetoka katika Kilatini, inflammare, yaani kuwasha. Sisi waganga tunalijua vizuri: kidonda kikivimba, kikawa chekundu na cha moto, kwa Kifaransa tunaandika inflammation. Nani amewahi kusema kidonda hicho kimezimika?

Kisichoshika moto, Kifaransa husema ininflammable, na Kiingereza non-flammable. Soma herufi zote, usisome nusu.

Waingereza wenyewe walichanganyikiwa. Inflammable ndilo neno lao la zamani. Tangu miaka ya 1920, chama cha Marekani cha kukinga moto, NFPA, kilihimiza flammable litumiwe mahali pake, na mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ikasema vilevile. Hawakufanya hivyo kwa kupenda sarufi. Waliogopa watu wangeungua. Siku hizi inflammable la Kiingereza hufaa zaidi kwa mtu wa hasira za karibu. Lakini Kifaransa kimebaki na neno lake. Kwa hiyo karatasi moja ya pipa inaweza kuwa na flammable upande huu na inflammable upande ule. Usidhani moja linakanusha lingine.

Maana kamili ya maneno hayo ilionekana Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka, watu wakaja na bidoni kuteka. Moto uliua zaidi ya watu 230. Kumbuka kwamba kinachowaka kwanza ni mvuke wa mafuta. Huuoni, nao hutambaa chini mbali na pipa mpaka ukutane na moto.

Na mama wa nyumba, kuna neno lingine la kukutega. Kwetu petroli ni mafuta ya taa. Kwa Kiingereza, petrol ni esansi! Mvuke wa esansi unaweza kuwaka hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, lakini mafuta ya taa yanahitaji kama digrii 38 za joto au zaidi. Ukinunua bidoni iliyoandikwa petrol ukaitia katika taa, umetia bomu mezani, karibu na watoto.

Ukishindwa na maneno, tafuta namba, kwa sababu namba hazina lugha. Kwenye lori au pipa lililoandikwa kwa sheria, 1203 ni esansi, 1202 ni mazuti, 1223 ni mafuta ya taa. Tafuta pia picha ya mwali wa moto katika umbo la pembe nne lenye rangi nyekundu.

Pipa tupu nalo halijapona. Mvuke umebaki ndani, na fundi wa kuunganisha vyuma akiligusa kwa moto wake, linapasuka. Karatasi ikiwa imetoka, lihesabu kuwa linashika moto, liache lilipo, umwite mkubwa wa depo. Na mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila mawese wala dawa ya meno, kisha mlete dispansari.