Kisukari, Dawa na Mtungi wa Busaa: Hatari Inayofichwa na Jina

Utangulizi

Neno kisukari limetokana na sukari, nasi katika mazungumzo ya kila siku hulifupisha tukasema, "Fulani ana sukari." Jina hili limesaidia sana kuutambulisha ugonjwa katika jamii. Hata hivyo, linaelekeza fikra upande mmoja tu, yaani upande wa wingi. Msikilizaji huhitimisha kwamba adui ni utamu, na kwamba kilicho kichungu hakina neno. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi fikra hiyo inavyoweza kumdhuru mgonjwa anayekunywa pombe, kwa kurejelea Naitiri, katika Kaunti ya Bungoma, upande wa kuelekea Kitale.

Mtungi na mrija

Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliovundikwa na kukaangwa, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi ili uchachuke. Miongoni mwa Wabukusu, kinywaji hiki huandamana na sherehe nyingi, hasa zile za jando ambazo hufikia kilele chake mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kama vile 2022 na 2024. Wazee huuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu, uitwao lusekhe kwa Lubukusu.

Katika kikao kama hicho, ushauri wa daktari kwamba mtu asizidishe chupa moja au mbili hauna mashiko. Mrija hauna kipimo, na mtungi hujazwa tena kabla haujaisha. Chang'aa nayo ina tatizo lake: nguvu yake hutofautiana kutoka kwa mpishi mmoja hadi mwingine, na mnywaji hana njia ya kuijua.

Mwilini hutokea nini?

Mtu asipokula kwa muda, ini huachilia sukari iliyohifadhiwa humo, na pia hutengeneza sukari mpya. Pombe ikiingia, ini hushughulika kwanza kuiondoa, na kazi ya kutengeneza sukari huzorota. Busaa, kwa kuwa ni nzito mithili ya uji, huenda ikapandisha sukari mwanzoni. Lakini saa kadhaa baadaye, pengine usiku wa manane au asubuhi ya pili, sukari ikashuka.

Hatari huzidi kwa mgonjwa anayedungwa insulini au anayemeza vidonge kama vile glibenklamidi, kwa sababu dawa hizo nazo hushusha sukari. Akinywa bila kula, mambo matatu yanamsukuma upande mmoja: njaa, dawa na pombe. Kwa anayetumia metformini, unywaji wa kupindukia unaweza kusababisha mrundiko wa asidi ya laktiki katika damu. Aidha, dawa nyingi za shinikizo la damu pamoja na pombe huweza kumtia mtu kizunguzungu akaanguka.

Mlevi au mgonjwa?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mtu ambaye sukari yake imeshuka hutokwa na jasho, hutetemeka, huyumba, hukasirika bila sababu, maneno yake hayaeleweki, na mwishowe husinzia. Dalili hizi karibu zote ni za mlevi. Wenzake husema, "Amezidiwa, mwacheni alale," naye huenda asiamke. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mgonjwa anayeficha hali yake mbele ya mtungi huwanyima wenzake fursa ya kumwokoa.

Iwapo bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe. Kipimo kikiwa bado chini ya milimoli 4 kwa lita, apewe tena, kisha ale chakula. Aliyezirai asitiwe chochote kinywani: alazwe ubavu na akimbizwe hospitalini.

Lililo salama zaidi ni kutokunywa. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Atakayekunywa hata hivyo na amwulize daktari kwanza kuhusu dawa zake, ale kabla ya kunywa, atumie bilauri yake mwenyewe ili ahesabu, apime sukari kabla ya kulala, na amwarifu angalau mtu mmoja kikaoni.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili ndio watakaotafsiri vipeperushi vya zahanati na kuandaa vipindi vya redio. Haitoshi kueleza kwamba kisukari ni sukari kupanda. Kila mahali tunapoandika sukari kupanda, tuandike kando yake sukari kushuka, pamoja na dalili zake, ili anayeketi mtungini ajue ni lini mwenzake amelewa na ni lini anakufa.