Maji ya kuoga wakati wa kipupwe: Kuni, mkaa, gesi, umeme au jua?

Na Mwandishi Wetu, Newala

KIPUPWE kinapoingia kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Newala huamka wakiwa wamejitanda mablanketi, huku upepo baridi ukivuma kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Mto Ruvuma. Mgeni akisimama alfajiri pale Shimo la Mungu bila sweta, hahitaji kuelezwa zaidi.

Baridi hiyo si jambo la jana. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliulalamikia upepo wake katika maandishi yake. Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, ina nafuu wakati wa mchana, lakini huko nako maji yaliyolala kwenye ndoo hushtua mwili asubuhi.

Kwa kijana mwenye afya, hilo ni la kuvumilia. Kwa mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, maji ya vuguvugu ni lazima. Hivyo kila kipupwe familia hukabiliwa na swali lile lile: maji hayo yapashwe moto kwa njia ipi iliyo nafuu na salama?

Kabla ya kuchagua njia, yafaa kujua kiasi cha joto kinachohitajika. Tuseme maji ya ndoo ya lita 20 yana nyuzi joto 20 za Sentigredi, na muogaji anataka yafike nyuzi 40. Kazi hiyo huhitaji nishati ya karibu nusu uniti ya umeme.

Familia nyingi hutumia zaidi ya hapo kwa sababu huchemsha ndoo nzima, kisha huyaacha maji yapoe. Kuchemsha ndoo nzima hula nishati mara nne ya inayohitajika. Inatosha kuchemsha lita tano tu na kuzichanganya na lita 15 za maji baridi, kwani mchanganyiko huo hutoa nyuzi 40 zile zile.

Hesabu hiyo ina uzito katika eneo ambalo maji yenyewe hupatikana kwa gharama. Udongo wa kichanga wa uwanda hunyonya mvua, hivyo maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, kikiwamo chanzo cha Mitema, ilhali Masasi hutegemea chanzo cha Mbwinji.

Njia ya kwanza ni kuni. Jiko la mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto hewani, hasa penye upepo, na ndoo moja huweza kula karibu kilo nzima ya kuni kavu. Jiko lililozibwa pembeni hupunguza sana upotevu huo. Wakulima wa korosho wana akiba ya matawi yaliyopogolewa shambani, ambayo yakikaushwa vema hupunguza haja ya kukata miti mingine.

Hata hivyo, maganda ya korosho yasitiwe jikoni. Yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua.

Njia ya pili ni mkaa. Kwa jiko la kawaida, ndoo moja huhitaji takriban robo kilo. Hatari yake kubwa huja baada ya kuoga, pale jiko linapoingizwa chumbani ili kuota moto na milango ikafungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu waliolala bila wao kushtuka. Jiko la mkaa libaki nje, hata kama makaa yanaonekana kufifia.

Njia ya tatu ni gesi ya mitungi. Ndoo moja hutumia gramu 70 hadi 75, maana yake mtungi wa kilo sita huweza kupasha ndoo 80 hivi iwapo hautumiki kupikia. Familia inayotumia ndoo nne kwa siku itaumaliza kwa siku 20. Ieleweke pia kwamba gesi hiyo siyo ile ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, inayoendesha mitambo ya umeme. Ya Mnazi Bay ni methani, wakati ya mitungi ni propani na butani zinazoagizwa kutoka nje ya nchi.

Njia ya nne ni umeme. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi, na mteja wa kawaida Sh292. Kwa bei hizo, ndoo moja haifiki Sh200 hata kodi ikiongezwa.

Lakini kuna mtego. Ndoo nne kwa siku ni karibu uniti 60 kwa mwezi, wakati bei ya mteja mdogo ina ukomo wa uniti 75. Familia inayotumia umeme kwa taa, televisheni na jokofu huweza kuvuka ukomo huo kwa sababu ya kuoga tu, na kila uniti inayozidi hutozwa Sh350 kabla ya kodi.

Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo nayo inataka nidhamu. Ichomolewe kwenye soketi kabla mtu hajagusa maji, na isiachwe karibu na watoto. Hita ya bafuni huhitaji fundi anayetambulika, waya mnene na waya wa ardhini, na isiwashwe bomba linapokuwa halina maji.

Njia ya tano ni jua. Kusini, kipupwe huangukia kiangazi, mvua zikiwa zimekwisha na jua likiwaka siku nyingi. Mtambo wa paani wenye kisahani cha meta mbili za mraba huweza kupasha lita 150 kwa siku, kiasi kinachofaa nyumba ya wageni au familia kubwa. Kwa kuwa wengi huoga alfajiri, tangi lake lazima lizuie joto kutoka usiku.

Asiye na fedha za mtambo anaweza kuanika dumu jeusi lenye maji mahali pasipo na upepo, kisha akawaogesha watoto alasiri badala ya alfajiri.

Kwa ufupi, familia ndogo yenye umeme itapata nafuu kwa kuchemsha lita tano na kuchanganya, huku ikichunga ukomo wa uniti zake. Umeme unapokatika, gesi ni akiba nzuri. Anayetegemea kuni aboreshe jiko kwanza, na mwenye nyumba ya wageni apige hesabu ya jua.

Njia yoyote itakayotumika, maji baridi yatangulie ndooni ndipo ya moto yafuate, na mama apime kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto. Sekunde chache za kupima humwepusha mtoto na kovu la maisha.