Kitabu cha Mchunga Ng'ombe Kiko Wapi?



Kila kiangazi lawama ni ile ile. Ng'ombe wa nyama wakikonda, mwenye ranchi aliyeko Kampala husema mchunga ni mvivu, na pengine mshahara hukatwa. Mwenye ranchi ana vitabu na bwana mifugo anavyo vyake. Lakini yule akaaye na ng'ombe tangu alfajiri hadi jua kuchwa, huko Nakasongola, Sembabule au Kiruhura, hajapewa hata ukurasa mmoja. Mtu hawezi kulaumiwa kwa somo asilofundishwa.

Tuanze na tumbo. Ng'ombe wa kilo 300 huhitaji kila siku chakula kikavu cha kama kilo 7 na nusu hadi 9. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nyasi mbichi ni maji, hizo ni kilo 30 hadi 40 za nyasi mbichi. Lakini wingi pekee hautoshi. Katika tumbo kubwa la ng'ombe mna vijidudu vinavyovunjavunja nyasi, navyo pia huhitaji protini. Protini ya nyasi ikishuka chini ya kama sehemu 7 katika 100, vijidudu hudhoofika, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe huacha kula ingawa nyasi zimemfika magotini. Hivyo ndivyo mnyama akondavyo katikati ya majani, na mwenye mali apitaye kwa gari siku ya Jumapili huona majani tu.

Dawa yake ni kufikiri kabla ya kiangazi. Nyasi za kuhifadhi zikatwe zinapoanza kutoa maua, si baada ya kukomaa na kuwa kama fito. Fiwi, ambazo wengine huziita ngwara, zikipandwa wakati wa mvua huongeza protini, na mashudu ya pamba hufaa pia yakipatikana. Karibu na Kampala kuna maganda ya matoke sokoni na machicha ya viwanda vya bia. Kuhusu yurea iliyochanganywa na molasi tunaonya: yurea ikizidi au isipochanganyika sawasawa huua ng'ombe upesi. Asikubali mtu kuichanganya kwa kukisia, hata akiamriwa.

Sasa twende Nakasongola, maana huko kuna somo ambalo kila mchunga angepaswa kulijua. Ardhi ya huko ililishwa kupita kiasi na miti ikakatwa kwa ajili ya makaa, hata sehemu kubwa zikabaki udongo mtupu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walipojaribu kupanda nyasi upya, mchwa walizila. Wengi wangekimbilia sumu. Lakini mchwa wa huko hula nyasi hai kwa sababu hawana kingine cha kula. Basi ng'ombe wakalazwa usiku katika boma juu ya ule udongo mtupu kwa muda wa majuma mawili, kisha mbegu zikapandwa. Mchwa wakashughulika na samadi, na samadi hiyo hiyo ikarutubisha udongo. Nyasi zikaota. Tazameni kazi hiyo ilifanywa na nini: boma, ng'ombe na mtu wa kuwalaza. Yaani ni kazi ya mchunga, ila jina lake halimo katika ripoti.

Ankole nako kuna adui mwingine, omutete, nyasi ngumu ambayo ng'ombe huikwepa. Wao hula nyasi nzuri zilizo kando yake, nayo huzidi kutapakaa. Wengi huichoma moto, na baada ya mvua machipukizi yake huliwa kidogo, lakini shina hubaki. Kuing'oa ndiko kunakofaa zaidi. Ni kazi ya jembe, nayo yafaa ihesabiwe kuwa kazi yenye malipo yake, isiwe nyongeza ya kuchunga.

Mafunzo basi yako wapi? Yako katika vituo vya utafiti vya Serikali, kama kile cha Namulonge na kile cha Mbarara, na katika Makerere yenyewe. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Kwa Kiswahili, jirani zetu wa Tanzania wametutangulia. Jarida la Mkulima Mbunifu huandikwa kwa wakulima na wafugaji wa kawaida, na vyuo vya mifugo vya Mpwapwa na Tengeru hufundisha vijana kazi hii. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Twaona ni haki kabisa kudai kijitabu kimoja cha malisho, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingine, kiwe mfukoni mwa kila mchunga.

Tahadhari moja: tusinakili kalenda ya wenzetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, lakini Nakasongola na Ankole zina misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Anayefuata kalenda ya Kongwa huku kwetu atakata nyasi wakati usiofaa. Karamoja, yenye msimu mmoja, ina hesabu yake yenyewe.

Wakati kijitabu kinangojewa, yafaa kila kambi ya wachunga iwe na daftari. Andikeni tarehe, idadi ya ng'ombe, kipande cha malisho walikolishwa, siku mvua iliponyesha, na siku lambo lilipokauka. Mara moja kwa mwezi pimeni kwa utepe mzingo wa kifua cha ng'ombe watano, wale wale kila mara, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kifua kikianza kupungua Juni, mwenye ranchi aarifiwe mwezi huo huo kwa maandishi kwamba malisho yamekwisha nguvu na chakula cha nyongeza chahitajika. Nakala ya barua ibaki kwa mwakilishi wa chama. Siku lawama itakapoletwa mezani, tutaanza kwa kusoma tarehe ya barua hiyo.