Sauti Isiyojibu: Vyombo vya Habari na Shule za Sekondari za Kampala

Yeyote atakaye kunena mintarafu ya vyombo vya habari na shule za sekondari hapa Kampala, sharti akumbuke kwanza kwamba mambo haya mawili yaliingia nchini kwa mlango mmoja. Wamisionari wa Kiprotestanti walioanzisha shule ya Mengo mwaka 1895 ndio waliotoa gazeti la Ebifa mu Buganda mwaka 1907, na wenzao wa Kikatoliki, ambao kwa mashirika yao mbalimbali walifungua shule ya Namilyango mwaka 1902, wakatoa Munno mwaka 1911. Zama hizo mwandishi wa gazeti, mwalimu na msahihishaji wa chapa aghalabu walikuwa watu wa nyumba moja, na kijana aliyesoma jambo gazetini asilielewe hakuwa na safari ndefu ya kumfikia mtu wa kumweleza.

Hali hiyo haikudumu. Redio ya serikali ilianza katika miaka ya hamsini, televisheni ya Uganda ikafuata mwaka 1963, na kwa miaka thalathini serikali peke yake ndiyo iliyokuwa na ikhtiari juu ya nini kisikike na nini kionekane. Hata ulipofika mwaka 1993 mlango ukafunguliwa, Radio Sanyu na Capital Radio zikaanza kusikika mjini, na baada yake zikamiminika nyingine, hata leo nchi nzima ina stesheni zaidi ya mia mbili. Fauka ya hayo imekuja intaneti ndani ya simu za mkononi. Natija yake ni kwamba kijana wa kidato cha pili atokaye Nateete au Kalerwe asubuhi kwenda shuleni, kabla kengele ya kwanza haijalia, amekwisha kusikia habari za vita, matokeo ya mpira wa Uingereza, matangazo ya waganga na mabishano ya wanasiasa, na yote hayo huingia nayo darasani pamoja na madaftari yake.

Watu huuliza kama hali hii ni heri au ni shari kwa elimu. Swali hilo, kwa maoni yangu, halina faida kubwa, kwa sababu chombo cha habari si dawa wala sumu kwa dhati yake. Lifaalo kuulizwa ni hili: mwanafunzi asikiapo jambo asilolielewa, yuko nani wa kumjibu?

Tazama afanyavyo mwalimu hodari. Hasemi neno akaendelea tu. Husema, akatazama nyuso, akaona kule nyuma mmoja amekunja kipaji, akarudi nyuma hatua mbili, akabadili mfano, akauliza swali dogo ili ajue kama maji yamefika shinani. Katika kipindi kimoja cha dakika arobaini hufanya hivyo mara nyingi pasipo kujua kwamba anafanya. Redio haiwezi hata moja katika hayo. Husema kwa mwendo mmoja kwa wenye akili nyepesi na wazito pamoja, na sikio, tafauti na jicho lisomalo kitabu, halina uwezo wa kurudi ukurasa wa nyuma. Ndiyo maana somo la fasihi au la historia huweza kwenda hewani kwa salama, maadamu lina kisa na watu ndani yake, ilhali kusawazisha milinganyo ya kemia au kusoma ramani ya jiografia kwa sauti tupu ni kumtesa mtoto. Televisheni huondoa sehemu ya taabu hiyo, kwani huonyesha. Illa nayo haingoji, na nyumba nyingi za viungani mwa mji zina redio kabla hazijapata televisheni.

Haya nisemayo yalipata mtihani wake mkubwa katika zama zetu. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na baada ya kufunguliwa nusunusu na kufungwa tena, hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, muda ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia. Wanafunzi wapatao milioni 15 walibaki majumbani. Wizara ya Elimu na Michezo, pamoja na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kilichoko Kyambogo, zikageukia vyombo vya habari: masomo yakasomwa redioni, yakaonyeshwa katika televisheni, yakachapwa ndani ya gazeti la New Vision, na vitabu vya kujisomea vikagawiwa kwa mikono ya viongozi wa mitaa. Serikali ikaahidi kila nyumba redio. Shule zikafunguliwa tena ahadi hiyo haijatimia.

Sitaki kuwadharau waliofanya kazi ile, maana wengi wao ni walimu walioingia studio kwa mara ya kwanza katika umri wao, wakisema mbele ya ukuta badala ya mbele ya watoto. Walakini ni lazima lisemwe kwamba vipindi vile aghalabu vilikuwa hotuba. Mwalimu alisoma, muda ukaisha, muziki ukapigwa. Mwanafunzi wa Katwe aliyepotea njia katika dakika ya tano alibaki amepotea hata mwisho, na kesho yake somo liliendelea kana kwamba la jana limeeleweka na wote. Mzazi wake, ambaye yamkini angeweza kumsaidia, hakuweza, kwani masomo ya sekondari yalikwenda kwa Kiingereza na mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya Kiganda. Yule aliyekuwa na kaka chuoni Makerere, au jirani mwalimu aliyepita jioni kuuliza mmefika wapi, alinufaika na redio ileile iliyomwacha mwenzake mikono mitupu. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikadiria kwamba wanafunzi 30 katika kila 100 huenda wasirudi shuleni kabisa. Makadirio si hukumu, na sababu za kuacha shule ni nyingi, za umaskini kabla ya zote. Bali ni dhahiri kwamba sauti ya hewani peke yake haikutosha kumfunga kijana na masomo yake.

Kwa upande wa intaneti mambo yalikuwa magumu zaidi. Shule zilikwisha kufungwa mara ya pili mwezi wa Juni 2021, na tarehe mosi Julai ikaanza kutozwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Sheria iliachilia data ya elimu na ya tiba, jambo la kusifiwa kwenye karatasi. Lakini ni nani awezaye, data ikisha kununuliwa, kupambanua somo na mchezo?

Wala si kweli kwamba redio haikupata kujua namna ya kungoja jibu. Jirani zetu wa Kenya, baina ya mwaka 1980 na 1985, walifundisha Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za msingi kwa vipindi vilivyotungwa na mapengo ndani yake kwa makusudi: sauti huuliza, hunyamaza sekunde kadhaa, watoto hujibu kwa pamoja, kisha sauti hulitaja jibu sahihi ili kila mmoja ajipime. Na Tanzania, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, haikuwaacha watu wazima wasikilize kila mtu peke yake. Iliwakusanya wapatao milioni mbili katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaamua kazi ya kufanya kijijini. Hawa hawakuwa wanafunzi wa sekondari, nalijua hilo, illa kanuni ni ileile.

Kampala nayo ina mfano wake, tena ninaouthamini kuliko yote, kwa sababu ulihusu jambo lililokuwa likiua watu. Mwaka 1993, UKIMWI ulipokuwa umeingia karibu kila ukoo, lilianza gazeti dogo liitwalo Straight Talk, likitiwa ndani ya New Vision na kupelekwa mashuleni, likisema na vijana juu ya miili yao, mapenzi na maradhi kwa lugha ambayo wazazi wengi waliionea haya na walimu wengi waliikwepa. Lililolipa nguvu gazeti lile halikuwa ujasiri wake peke yake. Vijana waliandika barua, barua zikajibiwa, na majibu yakachapwa. Kila aliyesoma jibu la mwenzake aliona hofu yake mwenyewe imeandikwa pale. Likaja kuwa taasisi kamili mwaka 1997, likaongeza vipindi vya redio, na mashuleni yakaundwa mabaraza ya wanafunzi waliolisoma pamoja. Mwalimu wa biolojia ambaye mtaala ulimpa ukurasa mmoja wa uzazi alijikuta na darasa lililokuja na maswali tayari.

Ipo taathira nyingine ya magazeti ambayo haihusu masomo yayapelekayo mashuleni, bali jinsi yazisemavyo shule zenyewe. Kila Baraza la Mitihani likitangaza matokeo, magazeti hujaa orodha za shule, picha za washindi waliobebwa mabegani, na kurasa za matangazo yaliyolipiwa na shule hizohizo. Mwalimu mkuu ajuaye kwamba jina la shule yake litapimwa kwa hesabu ya waliopata alama za juu, hana budi kufikiri mara mbili kabla ya kumpokea mtoto dhaifu, na wakati wa kujadiliana darasani hugeuka kuwa wakati wa kukariri mitihani ya miaka iliyopita. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioanza mwaka 2020 na kufikia mtihani wake wa kwanza mwaka 2024, umeondoa madaraja ya zamani, ukaweka herufi A hadi E, na kuipa kazi ya darasani alama 20 katika 100. Ni hatua njema. Sina matumaini kwamba itawatuliza wahariri, maana kuhesabu A hakuhitaji ilimu kubwa.

Mtaala huohuo umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na hapo vyombo vya habari vimemtangulia mwalimu kwa masafa. Watoto wengi wa Kampala walikisikia Kiswahili kwanza katika nyimbo za Dar es Salaam na katika televisheni za Nairobi, basi huja shuleni na matamshi mepesi, na sarufi ya mtaani. Walimu wengine hulichukia jambo hilo. Mimi naona ni mtaji: kijana aliye na wimbo kichwani anayo matini, na kazi ya mwalimu ni kuuliza kwa nini mwimbaji amesema hivi na si vile.

Juu ya simu sitarefusha. Shule nyingi za bweni huzipiga marufuku, na maadamu kazi za utafiti za mtaala mpya zinamtaka mwanafunzi atafute habari, marufuku hiyo huishia kwa mwalimu kuitoa simu yake mwenyewe na vocha yake mwenyewe. Wizara ingefaa iamue.

Lakini haja yangu kubwa ni kwenu, wenye stesheni za Kampala. Ninyi mwajua kujibizana na umma kuliko watu wengi. Mabaraza yenu ya ekimeeza, yaani mijadala ya hadhara iliyorushwa redioni, yalimpa raia wa kawaida kipaza sauti, hata serikali ikayapiga marufuku Septemba 2009, na hata leo simu za wasikilizaji hazikomi kila asubuhi kwa siasa na kila Jumatatu kwa mpira. Tengeni saa moja ya Jumamosi alasiri kwa hisabati, fizikia na Kiswahili cha sekondari, mwalimu awe hewani papo hapo wala si katika ukanda uliorekodiwa, laini iwe wazi, ratiba ipelekwe mashuleni kabla muhula haujaanza, na mwalimu huyo alipwe kama mnavyomlipa mchambuzi wa mpira.