Watwa ni akina nani, na kwa nini ukale wao katika milima ya Kigezi haukuwapa ardhi?

Msafiri anayetoka Kakiika, pembezoni mwa jiji la Mbarara, akashika barabara ya Kabale na Kisoro, huyaacha polepole malisho ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu na kuingia katika nchi ya milima iliyolimwa kutoka bondeni hadi kileleni. Mwishoni mwa safari hiyo, pale ambapo Uganda inapakana na Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndipo yanapoonekana masalia ya msitu mkubwa uliowahi kuifunika nchi yote hiyo: Bwindi, Echuya na Mgahinga. Watu waliouita msitu huo nyumbani kabla ya majirani zao wote ni Watwa, ambao nchini Uganda hujulikana zaidi kwa jina la Batwa.

Kwa wakazi wengi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jina hilo si geni. Waliotoka Kivu, Burundi na Rwanda wamelisikia tangu utotoni, mara nyingi likitamkwa kwa dharau. Watwa waliwahi kuishi katika nchi hizo zote kabla ya mipaka kuchorwa, na yaliyowapata katika nchi moja yanafanana kwa namna ya kushangaza na yaliyowapata katika nyingine.

Jina lenyewe lina historia ndefu. Shina lake, -twa, linapatikana katika lugha za Kibantu kuanzia eneo la Maziwa Makuu hadi kusini kabisa mwa bara, ambako Wazulu waliwaita wawindaji wa Kisan abaThwa. Kila mahali linawataja watu wa namna moja: wawindaji na wachumaji ambao wakulima waliwakuta walipofika. Wataalamu wa lugha wanaliona jambo hilo kuwa ushahidi kwamba neno ni la zamani sana, na kwamba wasemaji wa Kibantu walilibeba katika kuhama kwao, wakiwaita kwa jina hilo wenyeji wa kila nchi waliyoingia. Hivyo Watwa wanajulikana kwa jina walilopewa na wageni. Neno la Kiswahili, mbilikimo, ambalo wengi hulifasiri kwa kutaja kimo, nalo linawatazama kwa jicho la mtu wa nje, na wengi wao hawapendi kuitwa hivyo.

Lugha yao ya asili haisikiki tena. Watwa wa Uganda leo husema Rukiga au Rufumbira kulingana na majirani waliokaa nao. Wa Rwanda husema Kinyarwanda, na wa Burundi Kirundi. Kwa mwanahistoria, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa lugha ndiyo ghala la kumbukumbu kwa jamii isiyoandika.

Damu na matope

Ushahidi wa ukale wao umetafutwa basi mahali pengine. Kwanza katika jeni. Tafiti zilizolinganisha jamii za wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati na jamii za wakulima wanaowazunguka zinakadiria kwamba mababu wa makundi haya mawili walianza kuachana takriban miaka 60,000 iliyopita au zaidi. Baadaye, pengine miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati hali ya hewa ya dunia ilipokuwa baridi na kavu na misitu ikasinyaa, wawindaji wa magharibi, katika nchi za Kamerun na Gabon za leo, walitengana na wale wa mashariki, ambao Watwa ni miongoni mwao. Hayo ni makadirio, na huenda yakasogezwa mbele au nyuma kadiri mbinu za maabara zinavyoboreka. Mpangilio wenyewe, hata hivyo, umejirudia katika tafiti nyingi.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalinganisha Watwa na Wakiga wa kusini magharibi mwa Uganda. Walionyesha kuwa ufupi wa Watwa una msingi katika urithi wa jeni, na hauwezi kuelezwa kwa lishe duni pekee. Jambo hilo lina uzito, kwani kwa miaka mingi walikuwapo waliodai kwamba Watwa ni wakulima maskini waliokimbilia msituni wakadumaa kwa njaa.

Ushahidi wa pili umelala chini ya vinamasi vya Kigezi. Chavua za miti na nyasi zinapoanguka juu ya maji huzama na kuhifadhika katika tope, tabaka juu ya tabaka, mithili ya kurasa za daftari. Wanasayansi waliochimba matope hayo karibu na Kabale waligundua kwamba kwa maelfu ya miaka chavua ya miti ya msituni ilitawala, kisha, takriban miaka 2,200 iliyopita, ikaanza kupungua huku ya nyasi na magugu ikiongezeka. Msitu ulikuwa ukifyekwa. Muda huo unakaribiana na kuenea kwa wakulima na wahunzi waliotengeneza vyungu vya mtindo unaoitwa Urewe kandokando ya Ziwa Viktoria na katika Maziwa Makuu. Mkulima alihitaji shamba, na mhunzi alihitaji makaa. Kila mti ulioanguka ulipunguza nchi ya mwindaji.

Inafaa kusema hapa kwamba mifupa na zana za mawe zinazofukuliwa katika eneo hili haziji na majina ya makabila. Kule Ishango, kwenye Ziwa Edward upande wa Kongo, ulipatikana mfupa wenye chale zilizopangwa kama hesabu, wa takriban miaka 20,000. Waliouchonga walikuwa wavuvi na wawindaji. Kuwaita Watwa kungekuwa kuruka mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu.

Maandishi ya kale zaidi ambayo huhusishwa na watu wa misitu yako Misri. Katika kaburi la Harkhuf, afisa aliyesafiri kusini kwa niaba ya mfalme, kumechongwa nakala ya barua ya Farao Pepi wa Pili, aliyekuwa bado mtoto, zaidi ya miaka 4,200 iliyopita. Mfalme amesikia kwamba Harkhuf anakuja na mcheza ngoma wa kimo kifupi kutoka nchi ya mbali, na anaagiza alindwe vyema asije akaanguka majini. Wanazuoni hawajakubaliana iwapo mtu yule alitoka katika misitu ya Afrika ya Kati au alikuwa mtu mfupi tu wa kuzaliwa. Hata hivyo, barua inaonyesha jambo ambalo Watwa wangelishuhudia tena katika majumba ya wafalme wengine: kupendwa kwa ngoma zao bila kuheshimiwa nafsi zao.

Hadithi ya maziwa

Kila mtoto aliyelelewa kwa Kinyarwanda amesikia habari za Gatwa, Gahutu na Gatutsi. Baba anawapa wanawe watatu vyombo vya maziwa wavilinde usiku kucha. Asubuhi Gatutsi amekihifadhi chake, Gahutu amemwaga, na Gatwa ameyanywa yote. Kwa hiyo Gatutsi anapewa utawala, na Gatwa anaachwa bila fungu. Katika Ankole na Bunyoro wanasimulia jaribio linalofanana na hilo kuhusu Kairu, Kahima na Kakama, wana wa Ruhanga. Humo Mtwa hatajwi kabisa. Ni vigumu kuamua lililo baya zaidi, kuwekwa katika hadithi kama mlafi au kutokuwekwa.

Maisha halisi yalikuwa na pande nyingi kuliko hadithi. Watwa waliwapelekea wakulima na machifu asali, ngozi na nyama, wakapokea mtama na maharage. Walijua mitego ya funo na nguruwe mwitu, viazi vikuu vya mwituni, na dawa za miti ambazo majirani walizifuata hata kama hawakukubali kula nao chungu kimoja. Katika ikulu ya Rwanda walitumika kama walinzi, wawindaji na wacheza ngoma. Wengine walikuwa wa kuogopwa. Basebya, kiongozi wa Watwa katika kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, alikusanya wapiga mishale akawasumbua machifu wa pande hizo kwa miaka, hadi Wajerumani walipomkamata kwa hila na kumuua mwaka 1912.

Wakati huohuo mipaka ilikuwa ikichorwa. Mwaka 1910 Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zilikubaliana jinsi ya kuigawa milima ya volkano, na kilele cha Sabinyo kikawa mahali zinapokutana nchi tatu. Msitu wa Watwa ukawa na wenyewe watatu, na hakuna kati yao aliyekuwa Mtwa.

Kutoka hifadhi ya msitu hadi hifadhi ya taifa

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitangaza Bwindi na Mgahinga kuwa maeneo yaliyohifadhiwa. Uwindaji ulikatazwa katika maandishi, lakini Watwa waliendelea kuingia na kutoka, na wengine waliishi humo. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1991, maeneo hayo yalipofanywa kuwa hifadhi za taifa ili kuwalinda gorila wa milimani. Kuanzia hapo Mtwa aliyekutwa msituni alikuwa mhalifu.

Fidia ilikuwapo, lakini ililipwa kwa aliyekuwa na shamba au nyumba ya kuonyesha. Mkulima aliyekuwa amefyeka miti na kulima ndani ya mpaka alikuwa na cha kuhesabiwa. Mwindaji ambaye miaka yake yote haikuacha jeraha juu ya ardhi hakuwa na kitu. Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wote: sheria ilitambua mkono uliobadilisha msitu, haikutambua ule uliouacha ulivyo. Watwa wengi wakageuka vibarua na maskwota katika mashamba ya Wakiga na Wafumbira. Sensa ya Uganda ya mwaka 2002 iliwahesabu takriban 6,700 tu.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalitangulia. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na maelfu ya Watwa wakaondolewa. Nchini Rwanda na Burundi, ambako misitu iliisha mapema zaidi, wengi walikuwa wafinyanzi. Sufuria za bati na ndoo za plastiki zikawanyima soko hilo pia.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina Jedwali la Tatu linaloorodhesha jamii asilia za nchi, na Watwa wamo. Lakini maana ya uasilia katika katiba hiyo ni tarehe: jamii iliyokuwa ikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Katika orodha hiyo Mtwa, ambaye mababu zake walikuwa mlimani kabla ya jembe la kwanza kufika, yuko sawa na kila jamii nyingine iliyotajwa. Wasomaji wa Nakivale wanaifahamu nguvu ya tarehe hiyo kwa namna yao. Makazi hayo yalianza kupokea wakimbizi wa Rwanda karibu na mwaka 1960, na wako waliozaliwa humo ambao uraia wa kuzaliwa unawapita kwa sababu babu alivuka mpaka baada ya mstari huo. Orodha iliwapa Watwa uraia. Haikuwapa ardhi.

Ndiyo maana mwaka 2013 Watwa walikwenda katika Mahakama ya Katiba. Hukumu ilitolewa Agosti 2021. Majaji walio wengi waliona kwamba kuondolewa bila fidia ya kutosha kuliwaacha Watwa bila ardhi na katika unyonge, na kwamba wanastahili hatua maalumu ambazo katiba imeziweka kwa ajili ya makundi yaliyoachwa nyuma. Suala la hatua gani zichukuliwe likapelekwa Mahakama Kuu. Msitu haukurudishwa. Majirani wamefuata njia tofauti: katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu katika kila baraza la bunge, na Kongo ilipitisha sheria ya kulinda haki zao mwaka 2022. Kuhusu Kahuzi-Biega, Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, ilisema kwamba Kongo ilivunja haki za Watwa ilipowafukuza.

Upande wa wahifadhi una hoja isiyopuuzika. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba gorila wa milimani wamepita 1,000, baada ya kuwa ukingoni mwa kutoweka, na kibali cha kuwatazama nchini Uganda humgharimu mgeni wa kutoka nje dola 800 kwa siku moja. Kinachobishaniwa ni kama kuwalinda kulihitaji kuwatoa watu walioishi nao muda wote huo.

Tangu mwaka 2011 kuna njia maalumu ndani ya Mgahinga ambako Watwa huwaongoza watalii. Huwaonyesha jinsi ya kuwasha moto kwa kupekecha kijiti, mmea wa kutuliza tumbo, na mti wenye mzinga. Safari huishia katika pango la Garama, handaki la lava lenye urefu wa zaidi ya mita 300, lililokuwa maficho na baraza la wazee wao. Ndani ya giza lile huimba kwa ajili ya wageni. Baadaye wote hushuka kwenye lango, na Watwa hutoka nje pamoja na watalii.